Ukurasa Aliouongeza Mzee Wafula

Nilipopigiwa simu kwamba Mama Wairimu amefariki, sikulia papo hapo. Niliweka simu mezani, nikaenda kwenye kabati, nikaanza kutafuta riwaya ya upelelezi. Watoto wangu wangeniona wangedhani nimerukwa na akili. Ni kitabu cha zamani cha Kiingereza, jalada lake limeshikiliwa na gundi ya fundi viatu, na mpaka leo kinanuka moshi wa makaa kwa sababu kilisomwa kando ya jiko. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote isipokuwa Biblia, na bado sijui kama nakipenda. Kuna miaka ninapokimaliza nakipangusa na kukirudisha mahali pake kwa heshima. Kuna miaka mingine nikifika mwisho nakitupa kitandani kwa hasira na kuapa kwamba sitakigusa tena. Siku hiyo nilikitia kwenye mkoba, na siku ya mazishi nikaenda nacho Burnt Forest alikozikwa, bila kujua kitanisaidia nini huko.

Mwaka kitabu hiki kilipoingia maishani mwangu ulikuwa wa kwanza wa kazi yangu, kabla ya simu za mkononi, nikiwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya ghala la mahindi mjini Eldoret. Nilipanga chumba kwa Mama Wairimu, kule Kiplombe, ambako mtaa ulikuwa bado unagombana na mashamba na ng'ombe wa jirani aliamka kabla yetu. Mama Wairimu alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba. Mumewe alikuwa amezikwa miezi michache kabla sijahamia, na hakupenda kumzungumzia. Lakini nyuma ya mlango wa sebule, kwenye msumari, lilining'inia koti zito la kijivu la marehemu, na asubuhi za Julai, ile baridi ya Eldoret inapoingia mpaka kwenye meno, alilivaa kwenda kufungua duka. Mikono ya koti ilimfunika mpaka vidoleni. Akirudi alilitundika taratibu, akalilainisha mabega kwa kiganja, kisha akauliza kama chai iko tayari. Sebule yenyewe ilikuwa ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya miaka iliyopita ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa sababu ya picha yake ya mlima, na meza ndefu tuliyoitumia sote kwa chakula: mwenye nyumba, wapangaji wawili, na Jerono, msichana wa kazi kutoka Cheptiret, ambaye Mama Wairimu hakukubali ale jikoni peke yake.

Mpangaji wa pili alikuwa Mzee Wafula, mkalimani wa mahakama aliyestaafu. Alikula viazi vya Mama Wairimu kila siku huku akilalamika kwamba mtu mzima hawezi kulala bila ugali, na Mama Wairimu akimjibu kila siku kwamba anayetaka ugali aoe. Riwaya ilikuwa yake. Jioni moja ya mvua, redio ikiwa imeishiwa betri, Jerono alimwuliza anasoma nini hata hasikii akiitwa mezani. Badala ya kueleza, Mzee alirudi ukurasa wa kwanza akaanza kututafsiria. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Tukishamaliza kula, jiko la makaa lililetwa sebuleni, mimi nikashika taa kando yake, Jerono akakaa mlangoni mwa jikoni akichambua mboga za kesho, na Mama Wairimu akafuma.

Alitafsiri kama alivyotafsiri mahakamani. Mkalimani wa kweli, alituambia, hasemi kwamba shahidi anasema alikuwa nyumbani. Anasema, nilikuwa nyumbani. Kwa hiyo kila mtu kitabuni alikuwa mimi, kwa sauti ile ile moja isiyopanda wala kushuka: mimi mke wa marehemu nilisikia mlango, mimi mpishi nilichemsha maji, mimi mpelelezi sikuamini. Mwanzoni tulipotea. Baadaye tulizoea, tukaanza kuwaona. Na alikuwa na msemo wake aliokuwa akiurudia kila alipofungua kitabu, mkono mmoja ukiwa hewani kama aliye kizimbani: "Siongezi, sipunguzi." Maisha yake yote ya kazi, kwa kesi za ng'ombe na kesi za damu, alijivunia hilo tu.

Hadithi yenyewe niieleze kwa kifupi. Ni jumba kubwa la mashambani huko Uingereza. Mvua imenyesha mpaka daraja limebebwa na maji, hakuna wa kuingia wala kutoka. Mwenye jumba, mzee tajiri, anakutwa amekufa mezani, na sumu inapatikana kwenye dawa yake ya kikohozi. Kwa hiyo muuaji ni mmoja wao. Miongoni mwa wageni yumo mpelelezi, mtu mwembamba asiyekunywa chochote ila maji ya moto, na yeye anawauliza mmoja mmoja. Sisi tulishikwa kabisa. Jerono alikuwa na muuaji mpya kila jioni. Alimshuku mpishi, kwa sababu sumu lazima ipitie jikoni, kisha kasisi, kisha mtoto wa marehemu kwa kuwa hakulia, na kila alipokosea alicheka mwenyewe na kuchagua mwingine. Mama Wairimu hakumtaja mtu. Alisema yeye anamhurumia mjane, maana watu wamejaa nyumbani kwake na hakuna anayempikia.

Halafu tukafika kwa Dora. Dora alikuwa msichana wa kufagia katika lile jumba. Alionekana ngazini na trei mkononi, na alipoulizwa anampelekea nani, alikataa kusema. Mpelelezi akasema kwamba asiyejibu ana cha kuficha, mjane akamfukuza kazi, na Dora akaondoka na sanduku lake. Mzee Wafula alifungua ukurasa mwingine, lakini Mama Wairimu akaweka kitambaa chake magotini na kumwuliza ameondokaje, si daraja limebebwa na maji? Mzee alirudi nyuma, akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Akasema kitabu hakielezi. Mama Wairimu akauliza, basi alienda wapi usiku na mafuriko yale? Mzee akasema tena kwamba kitabu hakielezi, na kazi yake ni kutafsiri kilichoandikwa. Nakumbuka Jerono aliacha kuchambua mboga.

Nimelifikiria daraja lile kwa miaka mingi. Kitabu kizima kimesimama juu yake. Daraja lisingevunjika, muuaji angeweza kuwa mtu yeyote kutoka nje, na akili yote ya mpelelezi ingekuwa bure. Mwandishi amepima kila kikombe na kila saa ya ukutani kwa ustadi ambao mpaka leo unanifanya nitikise kichwa, lakini msichana wa kufagia alipofukuzwa, alivuka mto usiovukika na hakuna aliyeshtuka. Ninapokipenda kitabu, nakipendea vile vikombe na saa. Ninapokichukia, ni kwa sababu ya Dora.

Tulikuwa tumebakiza sura za mwisho koti lilipopotea. Ijumaa asubuhi Mama Wairimu alinyoosha mkono nyuma ya mlango, na mkono ukashika msumari. Hakupiga kelele. Alisimama pale, kisha akaenda dukani akiwa amejifunga shuka. Jumapili, baada ya mukimo wa mchana, vile viazi vilivyopondwa na mahindi, Mzee Wafula alisema jambo hili halifai kuachwa hivi hivi, akatukalisha sote sebuleni kama mpelelezi alivyofanya kitabuni. Najua aliamini anamsaidia mjane. Lakini pia niliona jinsi alivyovaa tai. Aliuliza vizuri, kwa mpangilio. Alhamisi mimi nilikuwa kazini, yeye alikuwa hospitali kwa ajili ya miguu, Mama Wairimu alikuwa mjini kununua mali ya duka. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa na Jerono. Mzee akauliza kama kuna mgeni yeyote aliyefika. Mama Wairimu akasema hana habari ya mgeni. Jerono alitazama sakafu.

"Mimi sina neno," alisema.

Mzee akamwuliza tena, kwa ile sauti yake ya mahakama, kama kuna mtu aliingia. Jerono alirudia kwamba hana neno. Mzee akasema yeye mwenyewe, akirudi kutoka hospitali, alimwona akitoka getini na gunia. Jerono akasema ni maganda ya viazi ya ng'ombe wa jirani, kama siku zote. Mzee hakumwita mwizi. Alisema tu kwamba asiyejibu ana cha kuficha, na sote tulijua maneno hayo yametoka wapi. Mama Wairimu akanyoosha kiganja na kuomba ufunguo. Jerono aliufungua kwenye ncha ya leso aliyojifunga kiunoni, akauweka mezani karibu na sahani ambazo hazijatolewa, na asubuhi yake akaondoka na sanduku la bati kichwani, kwenye matope. Nyumba ilikuwa baridi baada ya hapo. Mama Wairimu alipika mwenyewe na chumvi ilizidi. Kitabu hakikufunguliwa, na hakuna aliyekiulizia.

Tulikubaliana kwamba Alhamisi hakukuwa na mgeni. Sasa, kila Alhamisi, Kariuki, mdogo wake marehemu, alikuwa akileta viazi vya duka kutoka Burnt Forest kwa pikapu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akashusha magunia, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda. Lakini nani amhesabu shemeji kuwa mgeni? Ni mtu wa nyumbani. Hata Mama Wairimu, aliyejua ratiba yake kuliko sisi, hakumfikiria, kwa sababu alikuwa akifikiria wezi. Mvua zilipozidi pikapu iliharibika, na Alhamisi kadhaa zikapita bila viazi. Kisha ikaja siku ya jua, mimi nikiwa likizo, tumekaa sebuleni na vikombe mkononi, Kariuki akaingia. Alikuwa amevaa koti. Alilivaa waziwazi, mtu asiye na wasiwasi, vifungo vyote vimefungwa.

"Shemeji," alisema akiketi, "hii koti ya ndugu yangu imenisaidia sana. Ile siku nilinyeshewa, nikaiona hapo kwa mlango. Nilimwambia yule msichana anyamaze, nitakuambia mwenyewe. Halafu gari ikakufa. Hebu aniletee chai, yuko wapi?"

Mzee Wafula alikuwa ameinua kikombe, na kikombe kilibaki pale pale hewani. Kwa desturi, nguo za marehemu ni haki ya ndugu zake, na Kariuki alikuwa hajafanya kosa lolote analolijua. Mama Wairimu alimtazama kwa muda, akasema abaki nalo, kwao ni baridi zaidi. Kisha akainuka, akaenda kufunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya hapo. Alirudi amevaa viatu vya kanisani. Alimwambia Kariuki awashe gari, wanaenda Cheptiret, na mimi nije. Mzee Wafula alisema angekuja, ila miguu inamsumbua.

Nyumba ya kina Jerono ilikuwa ya mabati, safi, na kuku mlangoni. Mama yake alitukaribisha kwa maziwa lala yaliyoganda kutoka kwenye kibuyu, akatutazama kwa adabu na kutotuelewa, maana Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Ikabidi Jerono mwenyewe awe mkalimani. Mama Wairimu alikataa kuketi. Alisimama katikati ya chumba cha watu na kusema: "Mama, nilimwona mtoto wako mwizi. Si mwizi. Mimi ndiye nilikosa, na nimekuja kusema nikiwa kwako, si kwangu." Jerono alisema kitu kifupi kwa Kinandi, macho chini. Mama yake akaitikia kwa kichwa na kutabasamu, kama mtu aliyeambiwa kwamba wageni wanashukuru kwa maziwa. Mama Wairimu hakujua Kinandi hata neno, lakini alimwelewa yule mama.

"Hujamwambia yote," alisema. "Mwambie na hiyo ya mwizi."

Basi Jerono akaisema. Nilijua ameisema kwa sababu mama yake aliweka kibuyu chini na kufunika mdomo kwa mkono. Tangu arudi nyumbani alikuwa amemwambia mama yake kwamba kazi imeisha tu. Wanawake wale wawili walishikana mikono, na ndipo mimi nikalia, si wao. Baadaye, nje, Mama Wairimu alimwuliza Jerono kwa nini hakusema. Jerono alieleza polepole. Siku za matanga ya marehemu alikuwa akipitisha chai, na alisikia wakwe wakibishana na Mama Wairimu kuhusu duka, mpaka wazee wakaingilia kati kuwapatanisha. Alifikiri, akisema Kariuki amechukua koti, ile vita itaamka tena, na safari hii itakuwa yeye ndiye aliyeiamsha. Kariuki alikuwa amesimama karibu na pikapu na aliyasikia yote. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalishika mkononi, na mvua ndogo ikaanza kumnyeshea. Jerono alisema ameshasamehe, lakini kazi harudi. Atakuwa akija kumsalimia Mama. Na kuhusu Mzee Wafula aliuliza tu, "Yeye hakuja?"

Jioni hiyo Mzee alitusubiri sebuleni. Mama Wairimu alimweleza yote, bila kumlaumu, na hiyo nadhani ndiyo iliyomuumiza. Alikaa akisugua magoti. Kisha akaleta kitabu, akasema afadhali tukimalize. Hakuinua mkono wala kusema ule msemo wake. Alitutafsiria mpaka mpelelezi akawakusanya watu na kumtaja muuaji, ambaye ni wakili wa familia. Miezi mitatu kabla ya hapo Mzee, aliyewajua mawakili, angepiga makofi. Sasa aliendelea tu. Mvua inakatika, watu wanakunywa chai, mpelelezi anapanda treni. Mama Wairimu aliacha kufuma.

"Na yule msichana?" aliuliza. "Walimfuata?"

Mimi nilikuwa nimeshika taa, na ukurasa ulikuwa mbele yangu. Maandishi yaliishia katikati yake. Chini palikuwa peupe, hapana hata herufi moja. Mzee aliniangalia, akaangalia ukurasa, akashusha kidole mpaka kwenye ile sehemu tupu, na kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka akaendelea.

"Mimi Dora nilikuwa kwetu, nikichambua mboga. Daraja lilikuwa limetengenezwa. Nikaona gari. Mwenye nyumba akashuka, na yule mpelelezi akashuka nyuma yake, ingawa miguu ilikuwa inamsumbua. Akavua kofia mbele ya mama yangu. Akasema, nilidhani anayenyamaza ana hatia. Nilikosa. Mtoto wako alinyamaza kwa heshima, na mimi sikuijua heshima nilipoiona."

Kidole chake kilikuwa kikisogea, mstari kwa mstari, juu ya karatasi tupu. Alipofika chini kabisa alifunga kitabu. Mama Wairimu alisema hapo sasa kimeisha vizuri, akaokota sindano zake. Mimi sikusema kitu. Mwisho wa mwaka nilihamishwa, na Mzee akanipa kitabu siku niliyofunga mizigo, bila maelezo. Alifariki miaka michache baadaye. Cheptiret hakwenda kamwe.

Burnt Forest ninayoijua sasa si ile Kariuki aliyotoka na viazi. Ilichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, majirani wakiwachomea majirani, ikajengwa upya, na kwenye mazishi ya Mama Wairimu niliona watu wakisalimiana kwa uangalifu, wakichagua mahali pa kukaa. Baada ya moto ule hakuna aliyemkusanya mtu sebuleni. Waliofanya wanajulikana, na wananunua sukari duka moja na waliofanyiwa. Nadhani ndiyo sababu siwezi kukitupa kitabu kile kabisa. Kinaahidi kwamba mwisho wa siku mtu atasimama na kutaja jina la kweli. Halafu nakumbuka kwamba kinaahidi pia kwamba hilo linatosha, nami nimeona kwa macho yangu kwamba halitoshi. Lazima baadaye mtu afunge duka na kuvaa viatu vya kanisani.

Baada ya chakula, mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani alivuta kiti cha plastiki akaketi karibu nami. Aliniita Dada Truphena, na kwa sauti hiyo nikamjua. Jerono ni nyanya sasa. Tulishikana mikono tukakaa tukilia na kucheka kidogo, tukimkumbuka Mama Wairimu na chumvi yake. Kisha akaniambia kwamba kila alipokwenda kumsalimia, miaka yote hiyo, Mama Wairimu alimwambia kwamba yule Dora walimfuata mpaka kwao.

"Nilikuwa najiuliza," alisema. "Wazungu wanaweza? Wewe ulikuwa unaona hiyo kitabu. Ilikuwa imeandikwa?"

Ningeweza kusema ndiyo, na angeridhika. Lakini nilifungua mkoba, nikatoa kitabu, nikamwonyesha ukurasa wa mwisho. Nilimwambia hakikuandikwa. Nilimwambia Mzee Wafula, aliyekuwa haongezi wala hapunguzi, aliongeza hapo, jioni ile tuliporudi kutoka kwao, na kwamba hilo ndilo neno pekee aliloliongeza katika maisha yake yote, kwa kadiri ninavyojua. Jerono aliweka kiganja juu ya ile sehemu nyeupe.

"Hapa?"

"Hapo."

Alikaa hivyo muda mrefu, watu wakipita na sahani. Kisha akaondoa mkono, akakisogeza kitabu kwangu.

"Nisomee," alisema.

Niliweka kidole pale Mzee alipoweka chake. "Mimi Dora," nilianza, "nilikuwa kwetu, nikichambua mboga."